Posa ya Fanias

Fanias, mkanyaga zabibu wa kijiji cha Ikaria, aliona haya hata kuomba chumvi kwa jirani. Lakini sikukuu ya Dioniso, mungu wa divai, wanaume hujipaka machicha ya zabibu usoni, na lolote watakalosema huhesabiwa ni la mungu, hakuna wa kukasirika. Basi mwaka ule, katikati ya ngoma, akapaza sauti: "Mzee Dromoni, nataka kumuoa Melita wako."

Watu wakacheka. Dromoni akajibu taratibu, "Hayo kayasema mungu, na mungu simpi binti. Nenda kanawe, mwanangu, uje useme mwenyewe."

Fanias akanawa, akarudi na uso mtupu. Ngoma ilikuwa imenyamaza ikimsubiri.

"Mzee," akasema, "ni yale yale."

"Yapi?"

"Ya Melita. Nataka kumuoa."

Dromoni akasogea kando kwenye benchi alilokalia, akampisha aketi.