Kanda Niliyoirekodia Kwaya

Kwetu Iyula, kijana wa kwaya hakutakiwa kusikiliza muziki wa dansi. Baba hakujali hayo. Alikuwa akienda Tunduma kuuza mahindi, na huko akakutana na mpiga gitaa aliyewakimbia makaburu Afrika Kusini. Akaja naye nyumbani. Mgeni wetu alikaa msimu mzima wa kahawa, akichuma mbichi pamoja na mbivu, mpaka mama akamtania kwamba afadhali apige gitaa tu.

Na alipiga. Alitunga wimbo wa kuwakataa makaburu, beti kwa lugha yake, kiitikio kwa Kiswahili, na bendi moja ya Tunduma ikaupiga mpaka madereva wa malori wa Zambia wakaushika. Watu ambao hawakujua ubaguzi wa rangi ni mdudu gani walitoka baa na hasira, wakachanga mablanketi ya wapigania uhuru. Kabla hajaondoka, aliurekodi kwenye kanda ya baba. Baba akavunja vile vipande viwili vya plastiki mgongoni mwa kanda, ili mtu asirekodi juu yake. Mgeni hakurudi tena.

Nilipofika miaka kumi na mitano, mimi huyu nilijaza karatasi kwenye vitundu vilivyobaki pale vipande vilipovunjwa, nikarekodi kwaya yetu juu ya wimbo wake, ukafutika. Eti namsaidia baba aende mbinguni. Ujinga mtupu. Redio ikafa muda si mrefu, kanda ikakaa sandukuni na siri yangu. Mpaka leo nikisonga ugali najaribu kile kiitikio. Tuni naipata, maneno hayaji, na ninaumia.

Mwaka jana mdogo wangu alirudi kutoka huko huko Afrika Kusini. Duka lake limechomwa, ameambiwa wageni warudi kwao. Akifungua mdomo ni kusema tungewaacha tu na makaburu wao. Baba, ambaye siku hizi anatembea kwa fimbo, akaazima redio ya kaseti kwa jirani.

“Lete ile kanda,” akaniambia. “Mdogo wako asikie tuliishije na mtu wa kule.”

Niliiweka, maana kusema nilishindwa. Ikaanza kwaya, sauti yangu juu ya zote. Hapo nikamweleza baba ukweli wote, nikilia.

Alisikiliza upande mzima mpaka ukaisha.

“Mliimba vizuri, mwanangu,” akasema. “Lakini nyie mlikuwa na kanisa zima la kuimbia. Yeye alikuwa na kanda hii tu.”