Nilitoka Ukumbini Ili Mkwe Wangu Aseme

Jumanne, tarehe 14 Aprili. Mvua ilianza kabla hakujapambazuka na haikuwa na haraka ya kuisha. Hadi saa nne milima ilikuwa haionekani, na njia ya kwenda kanisani ilikuwa matope ya kufika kwenye vifundo.

Ukurasa huu nimeuandika mara mbili nikauchana. Niliishia darasa la saba, na kalamu ikifika kwa mkwe wangu inakwama, maana mkwe hatumtaji hovyo. Lakini nisipoandika leo, kesho nitakuwa nimeshajitengenezea hadithi inayonipendelea.

Mwezi wa pili boti tuliyopanda kutoka Lyulilo ilipinduka ziwani. Barabara ilikuwa imekatika na boti ilikuwa moja, ndiyo maana mimi na mke wa mwanangu tukajikuta kwenye chombo kimoja. Yeye alitoka kumsalimu mama yake, mfinyanzi wa huko. Nilikaa mbele nikitazama maji. Yeye nyuma, kati ya vyungu, amejifunika kanga. Ndiyo heshima yetu: mwanamke hakutani macho na baba wa mumewe, hakai naye chumba kimoja, hasemi mbele yake. Siku hizi wengi wameacha. Nyumbani kwangu hatujaacha. Mwendesha boti alipakia kupita kiasi, ni kweli, na ni kweli pia kwamba sisi ndio tuliomsihi atuchukue wote. Upepo mkali ukatukuta katikati. Mama mmoja mfanyabiashara, mwenye ndugu zake upande wa Malawi, hakutoka majini.

Tangu hapo mkwe wangu halali. Maji yakimiminwa kwenye ndoo anaruka. Mwanangu yuko kibaruani Tunduma, anapiga simu tu. Mama yake binti ametuma neno: mwezi ukiisha na hali ni hii hii, anakuja kumchukua mtoto wake. Simlaumu. Ningekuwa yeye ningeshakuja.

Leo ilikuwa Jumanne ya tatu ya kukutana na mshauri, dada mmoja kijana aliyetoka mbali, anayetibu watu waliopatwa na mambo mazito. Tuliookoka tupo sita, anatuweka kwenye duara katika ukumbi wa kanisa. Jumanne zote mbili mkwe wangu aligeuza kiti akaelekea ukutani, kanga usoni, kimya. Wiki iliyopita mshauri alimwambia mke wangu, aliyekuja kumchukua, "Mama, binti anaogopa watu. Akiendelea hivi itabidi apelekwe hospitali Mbeya."

Nilikuwa nimesimama pale pale. Nilijua haogopi watu, ananiheshimu mimi. Nikanyamaza. Hilo lazima niliandike.

Leo mshauri alianza kama kawaida: miguu chini, pumua taratibu, taja vitu vitano unavyoviona. Mvuvi mmoja wa kundi letu akasema, "Kiti, kiti, kiti, kiti, na mama mshauri." Tukacheka, hata mshauri. Kisha akafungua mfuko wa nailoni na kutugawia udongo wa kufinyangia, kila mtu donge.

"Ee, dada," mvuvi akasema, "huku udongo tunauza, wewe unagawa bure?"

"Leo hatutengenezi cha kuuza," akajibu. "Kuna kitu kimekubakia tangu siku ile, hakitoki. Mdomo ukikikataa, mikono huwa inakijua. Kitengeneze, hata kikiwa kibaya."

Mimi si mfinyanzi. Nilidhani nafinyanga boti. Nilipotazama, nilikuwa nimefinyanga mkono wa mtu, vidole vitano vimekunjwa.

"Mzee katengeneza mguu wa kuku!" mvuvi akapiga kelele. "Tutakula supu leo!"

Kicheko kikaenda ukumbi mzima. Nikaukandamiza ule mkono mpaka ukawa donge tena. Hapo mshauri akaniinamia, akasema polepole, "Baba, twende barazani kidogo."

Mvua ilikuwa inapiga bati. Nikamwambia habari ya heshima yetu, kwamba yule binti hawezi kutamka neno wakati mimi nimo ndani.

"Wiki tatu, baba! Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuuliza," nikasema. Kisha nikaona nimemwonea. "Hapana. Niliogopa."

Nikamwambia na kilichobaki. Majini nilimkamata mkwe wangu mkono, mimi ambaye sipaswi hata kugusa kanga yake. Nilipomvuta hakuja. Alikuwa ameshikana na yule mama mfanyabiashara. Mkono wangu mmoja ulikuwa kwenye boti iliyopinduka. Nikaiachia, nikavifungua vidole vya mkwe wangu kimoja kimoja, nikarudi naye kwenye boti. Sikuwa na nguvu ya watu wawili. Au nilikuwa nayo, sijui. Kila siku napata jibu tofauti. Nilichokuwa naogopa Jumanne hizi zote ni kwamba akifungua mdomo atalisema hilo mbele ya watu.

Mshauri hakuniambia kwamba nilifanya vizuri. Hakuniambia nilikosea pia. Alisema, "Hilo ni lako, utalisema wewe ukiwa tayari. Ijumaa nina kundi la wanaume peke yao. Leo je?"

"Leo nitoke mimi. Yeye kaja na matope yote haya."

Nikatoka. Nikasimama chini ya upenu wa ghala, nikaona ni karibu mno na dirisha, nikahamia kwenye kibanda cha mlinzi. Nikarudi ghalani. Sitasema sikujaribu kusikia. Baada ya muda ikaja sauti ya mwanamke, nyembamba, inakatika na kuanza tena. Yupo kwetu mwaka wa nne huu na sauti yake naisikia ikipita ukutani tu, anapoongea na mke wangu. Siku moja tu niliisikia wazi: siku ile, majini. Maneno ya leo mvua iliyameza yote, na nikashukuru, na nikachukia.

Mshauri alipotoka nilimkimbilia kama mtu anayesubiri majibu ya maabara.

"Amesema?"

"Amesema."

"Amesema nini?"

"Baba!"

"Samahani," nikasema. Alikuwa sahihi.

Saa kumi mke wangu alinijia sebuleni, anajifuta mikono. "Mkweo kaniagiza kwako. Anasema nikwambie, vidole alifungua mwenyewe. Halafu anasema ndaga, anakushukuru. Vidole gani?"

Nikainuka kufunga dirisha, mvua ilikuwa inaingia. Akanitazama, akasema, "Basi. Ila amepiga simu kwao, kamwambia mama yake asije kwanza, anataka kumaliza Jumanne zake."

Hilo la simu lilinifurahisha, nisiseme uongo. Lile la vidole nimelizungusha mpaka sasa. Huenda ni kweli, huenda maji yalinichanganya. Au ameona baba wa mumewe anavyohangaika nje ya dirisha la ukumbi, akaamua kunipa kitu cha kushika. Mimi navikumbuka vidole vile vilivyokuwa vigumu. Akiwa amesema hivyo kwa huruma, basi ananibebea mzigo wangu juu ya wake, naye anahitaji kulala.

Nikamwita mke wangu nikamkalisha, nikamweleza vidole gani. Alilia kidogo. Akauliza, "Na yule mama aliacha watoto?" Nikasema sijui. Ni kweli sijui, wala sijawahi kuuliza. Akasema Ijumaa atanisindikiza hadi mlangoni, kwa sababu ananijua mimi, naweza kuishia njiani.

Jioni tulikula ndizi za kuchemsha, maharage, na samaki mmoja, mbasa, wa kukaanga aliyegawanywa mara tatu. Wao wawili walikula jikoni, mimi huku peke yangu. Kipande changu kilikuwa cha kichwa, cha mkubwa wa nyumba.