Paipu ya Kopa ya Shangazi

Mwezi uliopita nilikuwa gereji moja pale Nyegezi, nimekaa juu ya tairi nikisubiri gari langu, fundi akachomoa kutoka gari jingine paipu ya mafuta iliyoliwa na kutu na kuitupa karibu na miguu yangu. Hebu niambie, rafiki yangu, mtu mzima analiaje kwa harufu ya petroli? Mimi nililia. Fundi akanipa pole, nikamwambia ni vumbi.

Kipande kile kilinirudisha Ilemela, kwa babu na bibi walionilea, miaka ile biashara ilipofunguliwa na mji ukafurika mitumba, redio na magari ya Japani. Maduka yalijaa vipuri vya kila namna, ila vya pikapu ya Babu havikuwepo, maana ilikuwa ya zamani mno. Babu aliipenda kupita kiasi. Ilibeba viazi, mbuzi, wanakwaya na wagonjwa wa mtaa mzima, na kila ilikopita iliacha matone. Paipu ya kutoka kwenye tanki kwenda kwenye pampu, huko mbele, ilikuwa imeoza. Babu aliziba matundu kwa sabuni ya mche, akaviringisha ukanda wa tyubu ya baiskeli juu yake, kisha akajisifu kwa majirani. Aliyeumia ni Bibi, kwa sababu sabuni ilikuwa yake ya kufulia.

"Sisi tunavaa nguo chafu, gari lako linaogeshwa kila siku," alimwambia.

Basi Shangazi, kitinda mimba wao, akaposwa ng'ambo ya ziwa, Sengerema. Huyu ndiye niliyelala naye kitanda kimoja tangu nikiwa mdogo, aliyenisuka nywele na kunifundisha kupiga mluzi, jambo ambalo Bibi hakulipenda kabisa. Babu akaapa kwamba binti yake atavuka kwa kivuko ndani ya pikapu, akashuke gatini Kamanga amekaa kiti cha mbele, machoni pa wakwe. Hakutaka kusikia habari ya kuvuka kwa miguu na mabegi, kama mtu anayekwenda gulioni.

Siku tuliyopeleka masanduku yake, mhudumu wa kivuko aliinama chini ya pikapu, akanusa, akaona tone linadondoka.

"Shikamoo mzee. Hili halipandi. Litatuchoma wote."

Abiria wakacheka. Babu hakuitikia hata marahaba. Akageuza gari, tukarudi na masanduku yetu, akakaa barazani na chakula hakukigusa. Harusi ilikuwa Jumamosi ya wiki hiyo hiyo.

Shangazi alimtazama kwa muda, akaingia ndani, akatoka amevaa shati kuukuu la Babu, akajitosa uvunguni mwa pikapu. Tangu utoto ndiye aliyemshikia Babu spana, na kwa kweli alikuwa amempita kwa ufundi, ingawa wote wawili walijifanya hawajui. Bibi akaja mbio.

"We mtoto! Mikono hiyo mumeo ataishikaje?"

"Ataishika hivyo hivyo, mama. Nizimie jiko, tafadhali, kuna petroli hapa."

Jiko likazimwa. Siku ile tulishinda kwa matobolwa, vile viazi vilivyochemshwa na kukaushwa, na chai iliyopoa. Jirani yetu, fundi wa majokofu, akaleta kopa, ile paipu laini ya rangi nyekundu inayopita nyuma ya friji. Ukiikunja kopa hivi hivi inabonyea, kwa hiyo hujazwa mchanga kwanza ndipo ikunjwe. Sasa sisi watu wa ziwani tumezoea kukimbilia ufukweni kwa kila jambo. Nilitumwa mchanga, nikaleta wa majini kabisa, tukaujaza ukiwa umelowa. Ukaganda humo ndani kama ugali wa jana. Tuligonga, tukapuliza, tukamwagia maji, na Shangazi akacheka mpaka akakaa chini. Mimi nilitaka kulia, nikijua Jumamosi inakuja.

Jirani akatukatia kopa nyingine, na Bibi ndiye aliyetuokoa. Akaanika mchanga mwingine juu ya jiwe alilokuwa akianikia dagaa, akauchekecha kwa chekeche lake la unga, akaumimina mwenyewe kidogo kidogo huku akinung'unika. Mimi nikaziba ncha kwa vipande vya gunzi. Shangazi akailaza paipu ya zamani chini, akaikunja ile mpya juu ya goti, kona moja baada ya nyingine, akizifuata zile za zamani kwa subira ambayo sijaiona tena kwa mtu yeyote. Kisha akaumwaga mchanga, akaisafisha paipu kwa petroli na kuipuliza kwa pampu ya baiskeli, kwa sababu punje moja tu ingetosha kuzima injini njiani. Akaifunga kwenye fremu kwa vipande vya mpira ili isisuguane na chuma. Nilimpenda mno siku ile, na nilijiona mtu mkubwa kwa sababu nilikuwa wake.

Jumamosi mhudumu yule yule akainama, akakaa huko chini mpaka nikabana pumzi.

"Pitisha, mzee. Shikamoo."

"Marahaba!" Babu aliitikia kwa sauti ya kusikika hadi ng'ambo.

Kamanga wakwe walitupokea kwa vigelegele. Shangazi alishuka kiti cha mbele, glavu nyeupe zimeficha kucha nyeusi, akanikonyeza. Sikuwa nimefikiria mpaka dakika ile kwamba gari likipona ndiyo anaondoka.

Leo Babu na Bibi hawapo, pikapu iliuzwa chuma chakavu, na kwenye lile jiwe la dagaa wamejenga nyumba ya ghorofa. Shangazi ana wajukuu Sengerema. Ninachokumbuka zaidi ni jioni ile tuliyorudi bila yeye. Babu alitandika gunia, akalala chali chini ya pikapu na suti yake ya harusi. Nikachungulia. Alikuwa akizigusa kona za ile kopa, moja baada ya nyingine.

Bibi akaita kutoka mlangoni, "Inavuja?"

"Haivuji," akajibu, na hakutoka.