Kufuata Fulana ya Pointi Kariakoo

Nilikwenda Dar es Salaam kuchukua fulana. Nalisema hili mapema ili nyie wasomaji wangu wa Morogoro msije mkadhani nilikwenda kushangaa maghorofa. Ni fulana ya kijani, ya kawaida tu, anayoivaa mwanamke anayeongoza kwa pointi katika mbio zetu za baiskeli, mbio za wanawake wenye kazi zao ambao hawalipwi kukimbia. Utaratibu ni kwamba anayemaliza msimu akiwa nayo, raundi ya kwanza ya msimu unaofuata inamfuata nyumbani kwao. Mimi nauza maziwa kwa baiskeli, na Jumapili jioni hukutana na wenzangu kukimbizana barabara ya Bigwa. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kushindana Dar. Huyu ananyonyesha, yule mumewe hataki alale nje, mwingine hana wa kumwachia genge. Kama wao hawawezi kuzifuata mbio, nilitaka mbio ziwafuate wao.

Jumamosi asubuhi, stendi ya Msamvu. Nilibishana na kondakta kuhusu baiskeli mpaka akachoka, akaniachia niilaze mwenyewe kwenye buti la basi juu ya magunia ya mchele. Nikakaa dirishani, nikaanza kupiga hesabu, kazi niliyokuwa nimeifanya wiki nzima nikikamua.

Kwa mliokuwa mkiniuliza, pointi ziko hivi. Msimu una raundi nne, na hii ilikuwa ya mwisho. Wa kwanza kwenye mstari anapata kumi, wa pili nane, wa tatu sita, kisha zinashuka hadi moja, na hiyo moja anapewa kila anayemaliza, hata akifika wakati watu wanakunja turubai. Halafu kuna kengele. Katikati ya mbio inapigwa mara moja, na atakayewahi mstarini mzunguko unaofuata anaokota mbili za ziada. Pointi za raundi zote zinajumlishwa. Basi unaweza usishinde hata raundi moja ukavaa fulana, ilimradi hukosi kuokota kidogo kidogo. Nilikuwa nyuma ya Mwanahawa, fundi wa kuchomelea mageti wa Ilala, kwa pointi moja. Nikiwa wa kwanza na yeye akiwa wa pili, fulana ni yangu. Hesabu nyingine sikutaka kuijua.

Mbezi, mchana. Niliishusha baiskeli, nikaijaza upepo, nikaipanda. Kimara nilishuka na mteremko, Ubungo nikasukumana na bodaboda, Manzese jasho likaniingia machoni. Nilifurahi kupita. Miguu iliyozoea madumu ya maziwa ilikuwa inaenda yenyewe, na nilijiambia kesho hakuna wa kunizuia.

Magomeni, jioni. Mwenyeji wetu ni Bi Rukia, anayeuza vipuri vya baiskeli Kariakoo na ndiye anayeziendesha mbio hizi. Nyumba yake ni ya Kiswahili, yenye ukumbi mrefu, na usiku wa kuamkia raundi ukumbi huo hujaa baiskeli hata ukitaka kwenda uani unapita ubavu ubavu. Nilimwamkia, akaitikia, akaniwekea ugali na bamia, akaningoja nishibe. Kisha akaniambia kwamba pointi zangu zote za msimu bado hazijathibitishwa.

Nilidhani ananitania. Kumbe kuna sharti ambalo sisi wa mbali tumekuwa tukilikwepa bila kujijua, kwa kuwa tukimaliza tu tunakimbilia basi. Kila mkimbiaji lazima asimame kwenye kona na kibendera walau mara moja kwa msimu, awaangalie wenzake wanavyopita. Asiyesimama, pointi zake zinafutwa.

"Hatuna askari wa kutusimamia, mwanangu," alisema Bi Rukia. "Kona zetu tunashikiana wenyewe. Kesho kuna mbio za wanaoanza kabla ya zenu. Utashika kona ya duka la ndoo."

Niliudhika, sifichi. Wenzangu watakuwa wanapasha miguu moto, mimi nimesimama kama mlingoti. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nilipewa bendera hata siku moja haijaisha. Nikaenda kulala nimenuna.

Jumapili alfajiri, Mnazi Mmoja. Mstari ulichorwa kwa chokaa kwenye Mtaa wa Lumumba. Kutoka hapo mbio zinaingia mitaa ya ndani ya Kariakoo, saa ambayo maduka yamefungwa na njia zinaonekana pana kuliko unavyozijua, kisha zinarudi. Kona yangu ilikuwa ya mwisho kabla ya mstari. Wanaoanza walipita mara ya kwanza wakicheka, wamo na akina mama wenye baiskeli za mizigo. Nikapunga kibendera, nikaanza kuona kazi yenyewe si mbaya.

Ndipo mwenye duka la ndoo alipofungua mlango, mzee wa makamo mwenye kofia, akatoka na beseni la maji na fagio. Nilimwamkia, nikamwomba asimwage, watu wanapita kwa kasi. Aliitikia vizuri tu. Akanieleza kwamba tangu baba yake amwachie duka hajawahi kulifungua pakiwa pakavu, kwamba riziki haiingii kwenye vumbi, na kwamba barabara ni pana, wapite kule. Akamwaga. Nilikimbilia mbele kupunga, lakini msichana mmoja alishafika. Tairi la mbele lilimponyoka, akaburuzika mpaka kwenye ngazi za duka.

Mzee ndiye aliyewahi kumwinua, akamwosha kiwiko kwa maji yale yale. Msichana akapanda tena baiskeli huku analia, akaenda kuifuata pointi yake ya kumaliza. Mzunguko baada ya mzunguko nilisimama pale nikipunga, nikaijua kona ile. Maji yalikuwa yametiririka ndani ya kona, upande wa duka. Nje kabisa, kuelekea nguzo ya umeme, palikuwa pakavu, na anayeanza kujipanua mapema, yaani kuvuta upande wa nje kabla ya kona, angeweza kupita bila kugusa breki. Ni njia ndefu na haikuvutii ukiwa juu ya baiskeli. Inaonekana tu ukiwa umesimama.

Mnazi Mmoja tena, kabla ya mbio zetu. Desturi ni kwamba kila aliyeshika bendera anasimama mbele ya wakimbiaji wote na kuisema kona yake. Zamu yangu ilipofika, Mwanahawa alikuwa mbele yangu pale, ndani ya fulana ya kijani, anatafuna chingamu. Ningeweza kusema kuna maji, punguzeni mwendo, nikakaa, na isingekuwa uongo. Nguzo ningebaki nayo mwenyewe. Nikakiona kile kiwiko cha yule msichana, amekaa pembeni amefungwa leso, ananisikiliza kama mwanafunzi. Nikasema yote.

"Huko nje pakavu mpaka wapi?" Mwanahawa aliuliza.

"Mpaka kwenye nguzo. Anza kujipanua mapema, usishike breki."

Akatikisa kichwa polepole kukubali. Nilirudi kwenye baiskeli yangu nikijiona mjinga.

Kariakoo, jua limechomoza. Tulikwenda kwa pamoja mizunguko ya mwanzo, kila mmoja akimvizia mwenzake. Makuli wa sokoni walikuwa wameegemeza mikokoteni yao wakitushangilia. Kengele ilipolia nilichomoka pale pale, nikawa mbele na wenzangu wawili ubavuni, wamenibana upande wa duka. Tulipofika duka la ndoo sikuwa na nafasi ya kujipanua. Nilishika breki. Na hapo hapo, nje kabisa, peke yake, Mwanahawa akapita karibu na nguzo hadi nikadhani ataigonga, miguu haijaacha kuzunguka. Alivuka mstari nikiwa bado natoka kwenye kona.

Pointi mbili. Niliijua hesabu kabla sijafika mstarini, na ilikuwa mbaya: nikimaliza wa kwanza na yeye wa pili, bado pungufu moja. Tumaini langu lilikuwa mtu wa tatu ajiingize katikati yetu. Sikuacha. Mzunguko wa mwisho nilitangulia kabisa, nikaizunguka ile nguzo kama nilivyoifundisha, nikasimama juu ya pedali mpaka kifua kikawaka. Nilivuka wa kwanza. Nikageuka kutazama, na wa pili alikuwa Mwanahawa.

Watu walinibeba juu juu. Waliona mshindi, na mimi nilikuwa nalia, wakadhani ni furaha. Bi Rukia aliandika ubaoni kwa chaki, pointi zangu zikiwa halali sasa, zote, pungufu moja. Raundi ya kwanza msimu ujao itakuwa Ilala.

Mwanahawa alinifuata nilipokuwa nakunywa maji, akakaa chini kando yangu.

"Ungekausha tu, usiitaje ile nguzo, dada, fulana ingekuwa yako," alisema.

"Najua."

"Mimi ningekausha."

Nilitaka kumchukia, nikashindwa. Nilimwambia sina uchungu wa fulana, nina uchungu wa wanawake wa kwetu wanaoningoja. Bi Rukia alisikia, akaja na chaki yake mkononi, akaniuliza kwani nani alinizuia kuanzisha mbio zetu wenyewe huko kwetu. Nikamwambia wakimbiaji ninao.

"Wakimbiaji hawakosekani," alisema. "Mimi nakuuliza, nani atasimama kwenye kona?"

Nililala na swali hilo, nikapanda nalo basi asubuhi, na Chalinze nilikuwa bado nalo.

Morogoro, Jumapili iliyofuata. Wenzangu walikuwa wamenisubiri pale tunapokutana, barabara ya Bigwa, na macho yao yote yalikuwa kwenye begi langu. Niliwaambia fulana sikuja nayo, na raundi haiji. Nikawaeleza pointi, kengele, na ile moja ya kumaliza, wakachangamka kidogo, na yule anayenyonyesha akasema anaiweza hiyo. Kisha nikauliza nani atashika kona. Wote wakatazama baiskeli zao. Wote walitaka kukimbia, na mimi kuliko wote.

Nilichana upindo wa khanga yangu nyekundu, nikaufunga kwenye kijiti ukawa kibendera, nikawapa mgongo, nikaanza kutembea kuelekea kwenye kona yenye changarawe.