Ijumaa Iliyofika Jumatano

Chuo kilimwahidi Biira kwamba wiki nane za mafunzo kazini zingemfungua macho. Zilimfungua kweli, hata usingizi ukakosa pa kuingilia. Mchana alikuwa Bwera, kwenye ofisi ya Hajati Mastula ya kugomboa mizigo, hatua chache kutoka mpaka wa Kongo. Jioni alirudi Kasese kukaa darasani. Jumamosi ilimngoja na mtihani wa takwimu wa kurudia. Alikuwa amefikia kusoma mstari mmoja mara kumi, na mara ya kumi ukawa mgeni kuliko ya kwanza. Siku moja alilia kwenye choo cha Hajati dakika nne, akanawa uso, akarudi kutoa nakala.

"Musomi!" Hajati aliita. "Karatasi ya vitenge iko wapi? Lori inalala hapa kama ng'ombe mugonjwa!"

"Niko nayo, Hajati."

"Leta basi, ama ningoje mupaka upewe digrii?"

Kazi haikumtisha. Kilichomtisha ni daftari. Kila siku mwanafunzi aandike alichofanya na alichojifunza, bosi atie sahihi na muhuri. Bila daftari kamili, wiki nane hazihesabiwi na hakuna kuhitimu. Sasa mtu anayeshinda akichemsha chai ajifunze nini kila siku? Biira alijitahidi. Chai aliiandika "huduma kwa wateja." Kufagia kukawa "usimamizi wa mazingira ya kazi." Halafu maneno yakamwishia.

Ndipo Jumapili kabla ya wiki ya mwisho, ili apate nafasi ya kusoma takwimu, akaiandika wiki nzima kwa mkupuo, Jumatatu hadi Ijumaa. Mwalimu Eridadi, msimamizi wake wa chuo, alikuwa ametuma ujumbe kwamba angemtembelea Ijumaa, kwa hiyo naye akaingizwa: "Leo mwalimu alinitembelea. Alifurahishwa na maendeleo yangu, akanipa ushauri mzuri." Jumatatu asubuhi Hajati, simu begani, akigombana na dereva, alisaini na kugonga muhuri kurasa zote tano bila kuzisoma.

Mwalimu Eridadi akafika Jumatano. Ijumaa alikuwa na mazishi.

Alisoma daftari amesimama. Ukurasa wa mwisho aliusoma mara mbili.

"Biira," akasema, "kumbe nilikuja keshokutwa."

Biira akaanza kupanga upya nakala zilizokwisha kupangwa.

"Na huo ushauri mzuri niliokupa, ulikuwa upi?"

"Nisamehe, mwalimu. Nimechoka. Kichwa hakishiki kitu tena. Nilitaka muda wa kusoma tu."

"Wote tunachoka." Akamgeukia Hajati. "Mama, hizi sahihi ni zako?"

Hajati aliutazama muhuri wake kama mtu anayeonyeshwa mtoto wa jirani. "Mimi? Mimi niko na magari tatu kwa forodha. Muhuri, huyu mutoto anashika kila siku. Sijui."

"Hajati! Si uligonga mwenyewe Jumatatu?"

"Usiniingize mu mambo ya masomo, musomi."

Basi. Mwalimu akasema wiki nane hazitahesabiwa. Arudie mafunzo mwakani, mwanzo hadi mwisho. Alisema hayo kwa upole kabisa, kama daktari anayetaka kwenda kula. Kisha akatoa mkobani fomu yake ya ziara, ile inayomrudishia pesa ya mafuta. Ilikuwa imejazwa tangu nyumbani. Tarehe: ya Ijumaa. Kwenye "hali ya mwanafunzi" paliandikwa: "Yuko vizuri, hana matatizo." Chini yake akaongeza kwa kalamu nyingine: "Mafunzo yarudiwe."

"Tia sahihi hapa."

Biira aliiona tarehe. Angeweza kuuliza. Lakini kuuliza nako ni kazi, na nguvu ya kazi ilikuwa imekwisha. Akatia sahihi, akamshukuru mwalimu kwa kuja.

Jioni mama yake alipiga simu kutoka Kyarumba. Kuna mtu alikuwa amekuja kutaka kumnunua yule mbuzi beberu mkubwa wa nyumbani.

"Nimuuze, mwanangu, ama nimuache kwa sherehe yako ya digrii?"

"Uza, mama," Biira akasema.