Kisanduku Chini ya Kitambaa

Nakumbuka asubuhi moja ya ukungu pale Kimulot, mwanangu, nilipokuwa mke mchanga, bado najifunza njia za boma la watu. Tulikuwa kwenye kituo cha kuuzia majani chai, tukichambua majani huku tukingoja lori. Redio ya karani ilikuwa inaimba nyimbo za kanisa. Ghafla wimbo ukakatwa, na mtangazaji akasema jambo lililonifanya nibaki na jani mkononi nisijue niliweke wapi.

Alisema kuna kifaa cha nyumbani, simu ya mezani iliyounganishwa na king'ora cha wezi, ambacho betri yake ina kasoro. Ikikaa kwenye stima inapata joto, na inaweza kuwaka. Kila aliyenacho akichomoe ukutani, akitoe nje ya nyumba, akirudishe dukani apewe kingine. Akataja umbo lake, na kitufe chekundu kilicho mbele.

Kitufe hicho nilikijua. Mume wangu Kiprono alikuwa anafanya kazi kwenye mashamba makubwa ya chai kule Kericho, na alikuwa amemnunulia mama yake kisanduku kama hicho baada ya wezi kumchukulia ndama. Mama alikuwa mjane, akiishi peke yake hapo kilimani, juu ya nyumba yetu. Mtu akifungua mlango kabla hakijazimwa, kinalia mpaka mbwa wa ng'ambo ya mto wanajibu. Akina mama wa kanisa walikuja kukitazama, wakakiombea. Na wewe unajua sisi: kitu cha thamani hakiachwi wazi sebuleni. Mama alikifumia kitambaa cheupe chenye maua, akakifunika kama alivyofunika viti vyake. Kitambaa kizuri kweli, lakini kitu kinachotoa joto kinataka hewa, na hewa haikuwa na pa kupita.

Nilimpigia Kiprono palepale.

“Usimwambie mama,” akasema.

“Kwa nini?”

“Sasa aambiwe nilimletea moto nyumbani? Na wale wa kanisa watasemaje? Nyamaza tu. Mwisho wa mwezi nikija nitakibeba, niseme nakipeleka kusafishwa.”

“Na kikiwaka kabla hujaja?”

“Kimewaka? Si hakijawaka?” Akakata simu.

Mwanangu, kuna wasiwasi unaoketi na kuna wasiwasi unaotembea. Wangu ulikuwa wa kutembea. Nilipanda kwa mama kuomba sukari, nikashuka. Nikapanda kurudisha sukari, nikashuka. Nikapanda kuuliza kama kuku wake wametaga, na mimi kuku wake siwajui. Kila mara akiingia jikoni, nilikuwa napenyeza mkono chini ya kile kitambaa. Kilikuwa na joto kama yai lililotoka chini ya kuku. Kukichomoa sikuthubutu. Mke mchanga hahamishi vitu katika sebule ya mama mkwe, hasa kitu alichopewa na mwanawe.

Shambani mikono yangu ilichuma bila macho. Siku moja karani alimwaga kikapu changu, akaanza kucheka. “Bibi ya Kiprono, leo umetuletea majani ama umetuletea kuni?” Watu wote wakaangua kicheko, isipokuwa Senge Tapsubei. Senge, kwetu, ni shangazi. Alikuwa dada ya marehemu baba mkwe wangu, mama ambaye neno likimjia halikai. Alinivuta kando ya magunia, akanitazama mpaka nikasema yote.

“Wewe msichana,” akaniambia, “kwenu hakuna ng'ombe?”

“Wako, senge.”

“Rafiki akiweka ng'ombe wake kwenu, halafu augue, baba yako hufanya nini?”

Hapa nikueleze kidogo, maana siku hizi wengi hamjui. Wazee wetu walikuwa wanawekeana ng'ombe. Unamlisha ng'ombe wa rafiki yako, unakunywa maziwa, lakini mwenyewe ni yule. Akiugua, unapeleka habari siku hiyo hiyo, hata mvua ikinyesha. Hakuna anayedharauliwa kwa sababu ng'ombe ameugua. Anayedharauliwa ni yule anayenyamaza, kisha anapeleka ngozi.

“Hupeleka habari,” nikajibu.

“Hupeleka habari! Hamfuniki ng'ombe kitambaa cha maua, aseme tutaona mwisho wa mwezi. Kiprono ndiye alikitengeneza hicho kitu? Basi aibu ni ya nini? Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na hapa kifo si cha mwenye kuficha, ni cha mama yake! Shika kikapu twende.”

Mama alitupokea na birika mkononi. Senge akakataa kuketi, na kwetu mgeni akikataa kiti, ujue ana neno zito. Akalisema lote akiwa amesimama. Mimi nilikuwa natazama miguu yangu, nikingoja mama akasirike.

Hakukasirika. Aliweka birika chini, akakiendea kisanduku, akakitoa kitambaa na kukigeuza. Upande wa ndani ulikuwa umebadilika rangi, kama chapati iliyosahauliwa kidogo.

“Najua kinachoma,” akasema polepole. “Wiki hii nalala kule nje, jikoni.”

“Jikoni?” Senge akapaza sauti. “Na hukusema?”

“Ningesemaje? Mtoto amejinyima, akaninunulia kitu cha kunilinda. Nimwambie naogopa kulala nacho nyumba moja?”

Nilitamani kulia, na nilitamani kucheka. Mwana ananyamaza asimvunje moyo mama. Mama ananyamaza asimvunje moyo mwana. Mimi nanyamazia wote wawili. Na katikati ya heshima yote hiyo, kisanduku kinazidi kupata moto.

Senge alikichomoa ukutani, akakibeba kwa gunia kavu, akakiweka juu ya mawe, mbali na majani ya ng'ombe. Mama akaomba simu yangu.

“Kiprono, kile kisanduku kinachoma. Nimekuwa nalala jikoni.”

Nilisogea karibu na simu. Kisha nikasikia sauti ya mume wangu, ndogo kama ya mtoto. “Mama, ulikuwa unalala jikoni kwa sababu yangu?”

“Kwa sababu ya betri,” mama akasema. “Njoo ukichukue.”

Alifika jioni hiyo kabla ya kukama ng'ombe, bado amevaa gambuti za kazini. Kesho yake alikipeleka Bomet, kwenye duka alikokinunua. Alituambia aliwakuta wengine mlangoni, kila mmoja amefunga kisanduku chake kwa sweta au leso kama mtu aliyeiba, mpaka mzee mmoja akafunua chake na kusema, “Na nyinyi pia?” Wote wakacheka, wakafunua.

Basi mwanangu, usikie. Ukiambiwa kitu ulichonunua kina kasoro, usingoje kukiona kikiwaka ndipo uamini. Kichomoe, kitoe nje, kirudishe. Usimgawie jirani, usikitupe mahali mtoto atakiokota. Na ukijua jirani anacho, mwambie leo, hata kama hamsalimiani. Kasoro ya kiwandani si dhambi yako. Ukimya wako ndio utakuwa dhambi yako. Kumheshimu mtu si kumficha hatari iliyo kando ya kitanda chake.

Mungu akupe masikio ya kusikia onyo mapema, na ulimi wa kulifikisha. Akupe nyumba yenye amani na paa lisilojua moshi wa msiba. Na akujalie watu wanaoweza kukuambia kwamba zawadi yako inawachoma, nawe uwe na moyo wa kuwashukuru.