Tableti Iliyoitika Jina la Marigu

Kama umekuja hapa kutafuta cha kuchekea, funga sasa hivi uende ukacheke kwingine. Nimechoka na watu wa kucheka. Haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana, hapa Karurumo, mbele ya watu ambao leo wakiniona wanavuka barabara. Sikuwa nimelewa, maana pombe sijawahi kuionja. Sikuwa naota, maana hakuna mtu anayeota akiwa amesimama kwenye matope ya Julai. Na usiniambie nikaombewe. Nimeombewa mpaka pasta mwenyewe akachoka.

Mimi ni muuza simu. Duka langu linatazamana na bucha. Nauza simu, tableti, chaja na kava, na ukitaka kubandikiwa kioo cha kukinga skrini, nakubandikia ukisubiri. Nina mke na mtoto mmoja, msichana, anaitwa Marigu. Nilimpa jina la mama yangu, kama desturi yetu Waembu ilivyo, kwamba msichana wa kwanza huchukua jina la mama mzaa baba. Mama alikuwa ameshatutoka. Kwa hivyo mara nyingi sikumwita mtoto jina lake, nilimwita tu "Mama". Akirudi shuleni namuuliza, "Mama, umekula?" Naye ananijibu kwa sauti nzito ya wazee, "Nimekula, mwanangu," kisha anaangua kicheko. Shika hapo, maana hapo ndipo nilipopigwa.

Sasa, wateja huniuliza swali moja kila uchao: ile tableti ya bei rahisi, isiyojulikana, inaweza kushindana na zile zenye majina makubwa? Mimi huwajibu bila kupepesa macho. Haiwezi. Skrini yake ukiitoa juani huoni kitu. Ukifungua vitu viwili kwa pamoja inaganda. Kamera yake inapiga picha kama imepakwa mafuta ya kupikia. Na betri ndiyo usiseme, unachomoa chaja na kabla hujafika kwa lango inalia njaa. Ndivyo nilivyokuwa nikisema, na kwa hayo yote nilikuwa sahihi. Niamini, nilikuwa sahihi.

Basi akaja huyo mwanamke.

Hakuna aliyemwona akifika. Siku ya soko tulimkuta tu kando ya bucha, na meza, na mwavuli mkubwa mweusi, na tableti za aina moja zimepangwa mezani. Za kijivu, na mgongoni hazikuwa na jina la kampuni wala alama yoyote. Bei yake ilikuwa ya kutupa. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa kawaida kabisa, sweta, leso kichwani, gambuti miguuni kwa ajili ya tope. Hakuita wateja. Alikaa tu, na watu wakamwendea. Watu wangu, niliowabandikia vioo kwa miaka, wakipita mlangoni kwangu bila hata salamu. Unajua uchungu wa jambo hilo? Nilimchukia kabla sijasikia sauti yake.

Mteja wake wa kwanza kuniudhi alikuwa Njeru, mwalimu wa shule ya msingi, jirani yangu. Aliniletea tableti yake ya kijivu eti niiwekee kava. Niliiwasha, nikaijaribu, nikamwambia wazi kwamba amenunua takataka.

"Ni takataka lakini inanijua," akasema.

"Inakujua aje, mwalimu mzima?"

"Wewe weka kava, Baba Marigu. Hizo zako ni za kuringa tu."

Nilimwekea. Alipofika barabarani nikakumbuka amesahau chenji, nikamwita kwa nguvu, "Njeru! Mwalimu Njeru!" Hakugeuka. Aliendelea kutembea kama sijamwita yeye. Lakini mfuko aliobeba begani ukajibu, "Naam?" Kwa sauti yake Njeru. Wewe ungewaza nini? Mimi niliwaza anaongea na mtu kwa simu. Nikasonya, nikarudi ndani.

Siku ya soko iliyofuata nilishindwa kuvumilia. Ukungu ulikuwa umeshuka mchana huo, ule wa baridi yetu ya Julai, unaofanya saa tisa ionekane jioni. Nikachukua tableti yangu bora kabisa, ile ambayo kila mtu anaijua, nikavuka barabara. Nilitaka kumwaibisha. Sitakuficha, nilitaka watu wamcheke mpaka afunge meza yake aende alikotoka.

"Weka yako hapa," nikamwambia. "Wateja waone wenyewe."

"Sawa, boss," akasema. "Tushindane."

Watu wakajaa. Muuza nyama akatoka na kisu mkononi. Tukaweka tableti mbili mezani, yangu na yake, zote zimezimwa. Wewe unajua skrini iliyozimwa ni kioo, na mimi kazi yangu ni kupangusa vioo hivyo kutwa nzima. Nikainama kupangusa yangu. Niliona mwavuli wake humo. Niliona uso wangu, nikaona paja la ng'ombe linaning'inia kwa bucha nyuma yangu. Yeye alikuwa amesimama nami bega kwa bega, na humo ndani hakuwemo. Pahali pake palikuwa ukungu mtupu. Nikapangusa tena. Hakuwemo.

Hapo ndipo mtu mwenye akili angeondoka. Lakini hasira ilikuwa imenipanda, na watu walikuwa wanatazama.

Tukaanza. Tukafungua video, yangu ikacheza vizuri, yake ikaganda. Tukapiga picha ya nyama, yangu ikatoka nyekundu safi, yake ikatoka kama matope. Betri ya yake ilishuka tukiiangalia. Watu walicheka sana, na mimi nikacheka kuliko wote. Nikamwambia, "Mama, funga virago. Hii haiwezi kushindana na kitu." Hakukasirika. Alinitazama kama mtu anayesubiri maji yachemke.

"Imebaki jaribio moja," akasema.

Wakati huo Marigu alikuwa ametoka shule, na mfuko wake mgongoni, akaja akanishika sweta kama kawaida yake. Yule mwanamke akainama kidogo, akamuuliza kwa Kiembu kizuri, cha zamani, ambacho sijakisikia tangu mama yangu aende, "Na wewe mrembo, ulipewa jina la nani?"

Huku kwetu swali hilo ni salamu. Mzee akikutana na mtoto njiani, humuuliza amechukua jina la nani, na mtoto mwenye adabu hujibu wazi, ataje ni nyanya yupi, wa upande gani. Tunawafunza tangu wajue kusema. Tunawafunza kwa fahari. Kwa hivyo Marigu wangu akasimama wima, akajibu bila kigugumizi, "Naitwa Marigu. Ni jina la nyanya yangu, mama ya baba."

Ile tableti ya kijivu, iliyokuwa imeganda, ikawaka yenyewe. Katikati ya skrini pakaandikwa MARIGU.

"Sasa mwite," mwanamke akaniambia.

"Nimwite nani?"

"Mtoto wako, boss. Mwite."

Nikaita. Kwa nini nisiite? Ni mtoto wangu, amenishika sweta. Nikasema, "Marigu."

"Naam, Baba," ikajibu tableti. Sauti ilikuwa ya mwanangu. Si ya kufanana nayo. Ni ile yenyewe, pamoja na kimafua alichokuwa nacho wiki hiyo. Nikamtazama mtoto. Alikuwa anaangalia barabara, kama vile unavyoangalia mtu mwingine akiitwa na watu usiowajua.

Nikainama nikamwita tena, karibu na sikio, nikampigia kelele. Tableti ikaitika kila mara. Nikasema, "Mama! Mama, niangalie!" Na hapo, Mungu wangu, ile tableti ikajibu kwa sauti nzito ya wazee, "Nipo, mwanangu," ikaangua kicheko.

Na watu walifanya nini? Walipiga makofi. Hao majirani zangu, walioimba kwenye harusi yangu, walipiga makofi eti tableti imekuwa na akili, eti imeshinda yangu. Muuza nyama akaagiza moja papo hapo. Siwasamehe. Nikikutana nao kanisani nawapa mkono, lakini siwasamehe.

"Chukua," mwanamke akasema akinisukumia. "Hii ni yako tayari."

Nikamtemea mate miguuni. Nikambeba mtoto nikaondoka naye.

Nyumbani mama yake alimwita mpaka chakula kikapoa. Alikuwa anasikia, usifikiri amekuwa kiziwi. Ukimgusa anageuka, ukimuuliza swali anajibu. Ila jina lake halikuwa lake tena. Nikamwambia, "Wewe ni Marigu." Akaniuliza kwa upole kabisa, "Marigu ni nani?" Mke wangu akatoka nje akalia karibu na zizi, ili mtoto asimwone.

Asubuhi nilivuka barabara nikiwa nimebeba panga. Hapakuwa na meza. Hapakuwa na alama ya miguu ya meza kwenye tope, wala alama ya gambuti. Nikafungua duka langu, lililokuwa na kufuli mbili. Tableti ya kijivu ilikuwa juu ya kaunta.

Ungefanya nini? Mimi sikuthubutu kuivunja, nikiogopa nitavunja kitu kingine. Nikaona niiache ife yenyewe. Betri si ni mbovu? Nikaitupa kwenye droo, bila chaja, nikaifungia. Jumapili, katikati ya mahubiri, mtoto akateleza kutoka kwenye benchi kama nguo inayoanguka kwenye kamba. Alikuwa baridi. Tulimkimbiza hospitalini, wakampima kila kitu, wakasema mtoto hana ugonjwa, amelala tu. Hakuamka.

Aliyenijia ni Njeru. Alikuwa amekonda, ameshika ile yake kifuani, na waya umetoka kwenye mfuko wa koti kwenda kwa pawabenki. Hakunisalimia. Aliniinamia hapo nje ya wodi akaninong'oneza, "Umeichaji?"

Nilitaka kumpiga. Alijua! Alijua siku ile ya makofi, alikuwa pale nyuma, akanyamaza. Lakini sikuwa na muda wa ngumi. Nilikimbia mpaka dukani, nikaitoa kwenye droo, nikaichomeka. Ilikaa giza, kisha ikawaka. Mke wangu akanipigia simu akilia kwamba mtoto amefungua macho, anaomba uji.

Hayo ndiyo maisha yangu sasa. Ile betri niliyoicheka mbele ya watu ndiyo ninayoilinda kama mboni ya jicho. Stima ikipotea Karurumo, na wewe unajua jinsi inavyopotea mvua ikinyesha, mimi naacha mteja na pesa yake mkononi nakimbia. Nimeweka sola juu ya paa. Nimefungua tableti hiyo nitafute betri mpya ya kuipachika, nikakuta ndani hakuna chapa, hakuna namba, hakuna fundi aliyewahi kuona kitu kama hicho. Kila mwezi inakaa na chaji muda mfupi kuliko mwezi uliopita. Na kila mwezi mtoto anachoka mapema kidogo.

Shuleni mwalimu akisoma majina, haitiki, kwa hivyo wamezoea kumgusa bega. Mimi niliyeitwa Baba Marigu maisha yangu yote ya ndoa, sasa naitwa mtu wa simu, maana akitajwa Marigu dukani kwangu, sanduku la chuma ninamoifungia chini ya kaunta linajibu "Naam" na wateja wanakimbia. Tulijaribu kumpa jina lingine. Anatusikia tukilisema, anatabasamu, analisahau. Nyumbani tunamwita "wewe". Mtoto wangu, mama yangu, namwita "wewe", kama mtu niliyemkanyaga sokoni.

Bado kuna wajinga wanaoingia kuniuliza kama tableti ya bei rahisi inaweza kushindana na zile maarufu. Nawaangalia tu. Ile haikuja kushindana na tableti zangu. Ingeshindwa na hata iliyo mbovu kuliko zote, na yule mwanamke alijua. Ilikuja kushindana na msichana mdogo mwenye mafua, na yeye alikuwa na adabu.

Kwa hivyo nisikilize, wewe unayesoma. Nunua kifaa unachotaka, cha bei unayoiweza, hilo si shida yangu. Kikikuomba jina, kipe namba, kipe jina la mlima, kipe tusi. Usikipe la mtu wa kwenu. Na mwanamke wa sweta na gambuti akiweka meza kwenye soko lako, na nimesikia kuna mtu ameweka meza Runyenjes, usimpeleke mtoto wako karibu. Mfunze kwamba mgeni akimuuliza amechukua jina la nani, amgeuzie mgongo akimbie. Watasema umelea mtoto mtovu wa adabu. Waache waseme. Jioni utamwita kutoka mlangoni, na atakuitika mwenyewe.